Kaunta inatetemeka na shimo linatoka na mawimbi, shida iko wapi?

"Fundi, habari ya kazi. Niko Kariobangi Light, natengeneza fremu za meza za ofisi kwa flati baa ya milimita 5, nafunga na bolti za M6 zile za kichwa bapa za aleni. Mteja anataka vichwa vyote vilale sawa na chuma, mkono ukipita usiguse kitu. Nimenunua kaunta, ile koni ya kupanua mdomo wa shimo ili kichwa cha bolti kizame, ya meno mengi, pale Kirinyaga Road, nikiiweka kwa drili ya mkono inapiga kelele mbaya na kuruka ruka, shimo linatoka na mawimbi kama petali za maua. Rafiki ameniambia niongeze spidi, mwingine akasema niachane na kaunta nitumie tu biti ya 12. Nimejaribu zote mbili na bado. Vichwa vingine vinatokeza, vingine vimezama sana. Tayari nimeharibu mashimo kama 40. Halafu kuna paneli za pembeni za shiti ya gaji 16, nazo anataka vichwa vizame hivo hivo. Ninunue kaunta gani na niitumie vipi?"

Ndugu yangu, habari ni njema, na pole kwa hayo mashimo 40. Nimesoma swali lako mara mbili juu naona umebanwa na mambo matatu yaliyochanganyika: kifaa chenyewe, spidi, na pembe ya kichwa cha bolti. Kila mmoja aliyekushauri ameshika kipande kimoja akaacha vingine. Hiyo ya gaji 16 ni kesi tofauti kabisa, nitaifikia, lakini nikwambie mapema usitoboe hata shimo moja kwa hizo paneli kabla hujasoma mpaka huko.

Kwanza tutoe lawama mahali haipo. Wengi wakiona mawimbi wanasema kaunta ni feki ama imeisha makali. Inawezekana, zipo feki nyingi sana mjini, lakini kaunta mpya kabisa na kali kabisa nayo inatetemeka ukiitumia vile unaitumia, na wakati mwingine ile kali ndiyo inatetemeka zaidi. Biti ya kawaida ikitoboa chuma imeshikwa na shimo lake lenyewe, ncha iko ndani na kuta zinaiongoza, haina pa kukimbilia. Kaunta haina kitu kama hicho. Ni koni imekalia mdomo wa shimo, inakata kwa mbavu zake kwa mstari mrefu, na nguvu ya kukata inaisukuma upande kila wakati, sasa ikipata nafasi kidogo ya kucheza, iwe ni chaki ya drili, ile taya inayoshika biti, imelegea ama mkono wako ama flati baa inayodunda juu ya meza, itacheza tu.

Jino likiuma chuma, drili inarudi nyuma kidogo kama springi halafu inarudi mbele, na pale iliporuka inaacha mlima na bonde. Jino la pili likija linakuta ule mlima, linauma zaidi, linaruka zaidi, linaacha mlima mkubwa kuliko wa kwanza. Ndio maana kelele inaanza kidogo halafu ndani ya sekunde mbili imekuwa kama mtu anapiga bati. Kwa kaunta ya meno sita yaliyopangwa kwa nafasi sawa kabisa, kila jino linaangukia palepale wimbi linamngoja, na zile petali zinachorwa vizuri kama zimepimwa.

Kuna jambo lingine la meno mengi ambalo watu hawaambiwi dukani. Nguvu yako ya kusukuma inagawanywa kwa meno yote. Ukiwa na meno sita na mkono wa kawaida, kila jino linapata kidogo sana, halitoshi kuingia ndani ya chuma, kwa hivyo linasugua badala ya kukata, na kusugua kunaleta joto na kutetemeka na kunamaliza makali. Kaunta ya meno mengi ni nzuri kwa mashine nzito isiyotikisika, na zile za bei ya chini zenye meno mengi ya kukwaruza nyingi zimetengenezwa kwa mbao. Kwa drili ya mkono na chuma ni kununua shida.

Sasa spidi. Aliyekwambia uongeze amekwambia kinyume kabisa. Biti ya milimita 6 kwa chuma cha kawaida inaweza kuzunguka kama mara 1,300 kwa dakika bila shida, na ukiona hivo unafikiri kaunta nayo ni hivo. Lakini kaunta yako ni pana mara mbili, ukingo wake wa nje unakimbia mara mbili kwa mzunguko uleule, na isitoshe kifaa hiki kinataka kukata polepole kuliko biti, kama theluthi hivi ama chini kidogo ya nusu ya mwendo wa biti. Ukichukua mwendo wa mita 10 kwa dakika pale ukingoni, ambao ni salama kwa kaunta ya hai spidi, kile chuma cha vifaa vya kukatia kinachovumilia joto, ikikata chuma laini, kaunta inayofungua milimita 12 inatakiwa izunguke kama mara 265 tu kwa dakika. Mia mbili na kitu! Drili nyingi za mkono za kamba, zile za waya wa umeme, zinafika 2,800 na zaidi triga ikiwa chini yote, kwa hivyo umekuwa ukikata kwa mwendo mara kumi ya unaofaa, na hapo hakuna kaunta itanyamaza.

Kama una drili ya betri yenye gia mbili, weka gia namba 1, hizo nyingi zinaishia karibu 400 ama 500, halafu triga ibonyeze nusu. Gia ya chini ina nguvu kubwa ya kuzungusha, na hiyo ndiyo tunataka. Drili ya kamba ukiibonyeza kidogo sana inazunguka polepole lakini inakosa nguvu na inachemka, inafaa kwa shimo moja mbili, si kwa siku nzima ya fremu. Na kama ni ile yenye swichi ya nyundo hakikisha nyundo imezimwa, nimeona watu wazima wanasahau. Drili ya kusimama ndiyo bora kuliko zote kwa kazi yako, hata ile ndogo ya mezani, mkanda uuweke kwa puli ya spidi ya chini kabisa, nyingi hapo ni kama 500 hivi, bado ni juu kidogo lakini kwa vile haitikisiki utapata shimo safi ukisukuma kwa uhakika. Na usisukume kwa woga. Spidi ya chini, mkono mzito, hivo viwili vinaenda pamoja, ukipunguza spidi bila kuongeza nguvu jino litaendelea kusugua tu.

Upande wa kununua, kwa kazi yako ningetafuta kaunta ya meno matatu ya hai spidi, koni yake iwe na pembe ya nyuzi 90. Zinauzwa kwa saizi zinazojulikana za milimita: 6.3, 8.3, 10.4, 12.4, 16.5, 20.5. Hizo namba zimepangwa kufuata vichwa vya bolti, 8.3 ni ya M4, 10.4 ya M5, 12.4 ni ya M6 zako, 16.5 ni ya M8. Chukua ya 12.4, na kama mfuko unaruhusu chukua ambayo meno yake hayajapangwa sawa sawa, ukiitazama kutoka mbele utaona nafasi moja ni pana kuliko nyingine. Hiyo si kasoro ya kiwandani, imefanywa makusudi ili jino lisiangukie wimbi la mwenzake. Mkia uwe wa mviringo uliokatwa bapa mara tatu usiteleze kwenye chaki. Ile ya mkia wa pembe sita ya kuchomeka haraka ni rahisi kutumia lakini ile adapta inacheza, na kucheza ndio adui yetu leo.

Kuna pia ya jino moja, na ile yenye tundu lililopita mshazari kwenye koni bila meno yoyote, inaonekana kama mtu ameitoboa kando. Hizo mbili ndizo zinatetemeka kidogo kuliko zote kwa drili ya mkono, juu sehemu kubwa ya koni haikati, inaegemea ukuta wa shimo na kuongoza makali. Mimi ile ya tundu naipenda sana kwa kusafisha mdomo wa shimo, inatoa ganda la chuma refu linalojikunja kupitia lile tundu na kuacha ukingo unaong'aa kama kioo. Lakini soma imeandikwa inakata kuanzia ngapi mpaka ngapi, juu ile ya 5 mpaka 10 haitafika 12 ya kichwa cha M6, utaisukuma mpaka jasho likutoke na bolti bado imetokeza. Kwa M4 na M5 sawa.

Biti ya 12 kama kaunta, hapana, na nina sababu mbili. Ya kwanza ni pembe. Ncha ya biti ya kawaida ni nyuzi 118, nyingine 135, na kichwa cha bolti yako ni 90. Ukikalisha koni ya 90 ndani ya shimo la 118 inagusa tu pale chini kwa duara jembamba kama uzi, juu kote ni hewa. Ukikaza inaonekana imeshika, kumbe umekalia ukingo mmoja, ukingo unabonyea pole pole, na baada ya wiki meza inaanza kucheza. Ya pili ni ya mwili wako. Biti kubwa ikiingia kwa shimo ambalo tayari lipo haina kitu cha kuizuia pale katikati, makali yake yanajivuta yenyewe ndani kama skrubu ya mbao, inakamata ghafla, na kama flati baa haijafungwa inazunguka na biti. Kiganja cha mkono kinavunjika hivo, na vidole vinakatwa hivo.

Hii ya pembe inaenda mbali kuliko biti ya 118. Bolti za milimita, zile M4, M5, M6, kichwa chake ni nyuzi 90. Skrubu na bolti za inchi za mtindo wa Marekani ni 82. Rivuti za ndege ni 100, ukipita kwa mafundi wa pale Wilson Airport utakuta kaunta zao ni za 100 na zimefungwa ndani ya kikombe chenye kituo cha kina kinachosogea kwa elfu moja ya inchi. Dukani zote zimechanganywa kwa sanduku moja na kwa macho huwezi kutofautisha 82 na 90, tofauti ni nyuzi nne tu kila upande. Nilijifunza hii kwa gharama. Zamani nilifanya vifuniko vya alumini ya milimita 3 kwa paneli ya jenereta, nikaazima kaunta kwa jirani, mashimo yakatoka safi kabisa, vichwa vikalala sawa, mteja akafurahi. Baada ya mwezi akanipigia kwamba bolti zinaanguka zenyewe. Kaunta ilikuwa ya 82 na bolti za 90, kichwa kilikuwa kinakalia mdomo tu wa shimo pale juu, mtikisiko wa jenereta ukala ule ukingo laini wa alumini, na kila kitu kikalegea. Nilirudia vifuniko vyote kwa pesa yangu. Tangu hapo nikinunua kaunta naisoma, na kama haijaandikwa pembe naiweka chini naondoka. Ukiwa na wasiwasi na uliyonayo paka kichwa cha bolti rangi kwa kalamu ya maka, kiweke shimoni, kizungushe kidogo na ukitoe, rangi ikiwa imeguswa koni yote pembe ni sawa, ikiguswa pete ya juu tu ama ya chini tu si sawa.

Sasa tufanye shimo moja pamoja. Pigia alama na punchi, toboa kwa biti ya milimita 6.6, ama hiyo 7 kama ndiyo uko nayo, itakubali. Geuza chuma usafishe mdomo wa chini uliobaki na makali, ukiacha makali hayo flati baa haitalala vizuri juu ya mguu wa meza na utafikiri shida ni bolti. Funga flati baa na klampu mbili juu ya kitu kizito, karibu kabisa na shimo, isining'inie hewani. Kaunta iingize ndani ya chaki mpaka mwisho, usiiache nje ndefu, kila sentimita ya mkia iliyo nje ni springi. Tone la mafuta. Weka kaunta shimoni KABLA ya kubonyeza triga, iegemee yenyewe katikati, halafu sukuma ndio uanze kuzungusha. Wengi wanaanza kuzungusha hewani ndio wanashuka, na ile kugusa ya kwanza ndiyo inachora mawimbi ya kwanza.

Zungusha mara mbili tatu, simama, angalia. Utaona pete inayong'aa mdomoni mwa shimo. Ikiwa pete ni duara kamili yenye upana sawa uko wima, endelea. Ikiwa imetoka kama mwezi mwandamo, nene upande mmoja na inaisha upande mwingine, umelaza drili, na huo ndio wakati wa kurekebisha, juu ikishaingia milimita mbili hutaweza. Simamisha skwea ndogo kando ya drili mara za kwanza mpaka mkono uzoee. Ukisikia inaanza kulia usipunguze nguvu, hapo watu wengi wanaogopa na kulegeza mkono na inakuwa mbaya zaidi. Punguza spidi, ongeza uzito.

Kupima kina usikisie. Chukua bolti yenyewe uigeuze kichwa chini, uso bapa uuweke juu ya shimo, mdomo wa shimo ukilingana na ukingo wa kichwa umefika. Kichwa cha M6 ya aina hii ni milimita 12, ukiwa na vania, ile rula ya taya ya kupimia vipenyo, pima mdomo upate 12 na nukta mbili hivi, kichwa kitazama kama sehemu ya kumi ya milimita, mkono hautakigusa. Kama fremu zinaenda kupakwa rangi ya unga ile ya kuchomwa kwa oveni, ujue rangi nayo inakula nafasi, inaweza kukaribia sehemu moja ya kumi ya milimita, na ikiingia ndani ya koni inainua kichwa. Ama uzame kidogo zaidi, ama uzibe mashimo kabla ya kupelekwa. Kwa drili ya kusimama funga ile nati ya kina baada ya shimo la kwanza kutoka sawa, na mashimo yote ya fremu yatafanana bila kupima tena.

Mafuta usiyapuuze. Kwa chuma laini mafuta ya kukatia ndiyo sahihi, yakikosekana hata mafuta ya kupikia yanasaidia sana, watu wamekatia chuma kwa mafuta ya wanyama miaka na miaka. Kwa alumini mafuta taa yanafanya kazi nzuri. Oili chafu iliyotolewa kwa gari usitumie, haikati vizuri na ni sumu kwa ngozi ukishika kila siku. Siku ukipata kazi ya stenlesi shusha spidi tena nusu na usiache jino lisugue hata sekunde moja, stenlesi ikisuguliwa inakuwa ngumu palepale na kaunta inateleza juu yake, hapo ndipo ile yenye kobalti ina maana.

Haya, gaji 16. Hapa kuna hesabu ndogo. Kina cha koni ya nyuzi 90 ni kipenyo cha kichwa ukitoa kipenyo cha shimo, ugawe kwa mbili. Kwa M6 yako ni 12 toa 6.6, inabaki 5.4, nusu yake ni 2.7. Flati baa ya milimita 5 inameza 2.7 bila shida na inabaki na nyama ya kutosha chini. Lakini gaji 16 ni kama milimita 1.5 tu, koni itatokea upande wa pili, shimo litakuwa kubwa kuliko ulivyotoboa, ukingo utabaki mwembamba kama wembe, na bolti ikikazwa inaupasua ama inapita mzima mzima. Mimi sipendi koni izidi theluthi mbili ya unene wa shiti. Hata M4, kichwa 8, shimo 4.5, ni 1.75, bado ni nene kuliko shiti yako yote. Kwa hivyo jibu la kweli ni kwamba kaunta haiwezi kuzamisha bolti zako kwa hizo paneli, na mtu akikwambia inawezekana anakuuzia kaunta.

Una njia tatu. Ya kwanza, mwambie mteja ukweli na umpe bolti za kichwa cha mviringo kile kipana na kifupi, ikipakwa rangi moja na paneli inapendeza na hainasi nguo ya mtu. Ya pili ni kubonyeza badala ya kukata, mafundi wa ndege wanafanya hivo kwa shiti nyembamba, dai ya kiume na ya kike, yaani vyuma viwili vya kubinyia vinavyoingiana, zenye pembe ya kichwa zinaibinya shiti iingie ndani kama kikombe, na chuma cha chini yake ndicho kinakatwa kaunta kipokee kile kikombe. Inatoka imara kuliko kukata, lakini dai lazima mtu wa lezi, ile mashine ya kuchonga chuma kinachozunguka, akutengenezee na ujaribu kwa vipande vya taka kwanza. Ya tatu ni kuchomelea kipande kidogo cha flati baa nyuma ya paneli pale pa shimo halafu ukate koni kupitia vyote viwili, ni kazi nyingi na joto linapinda shiti, mimi ningeifanya kwa mashimo manne, si kwa arobaini. Ningekuwa wewe ningeanza na ya kwanza, na sampuli mkononi, wateja wengi wakiona wanakubali.

Nirudi dukani kidogo. Kabla hujalipa, pitisha ukucha kutoka kwenye makali kwenda nyuma ya jino, usikie chuma kinashuka, kama hakishuki mgongo wa jino utasugua na haitakata maisha yake yote. Rangi ya dhahabu isikudanganye, rangi inapakwa juu ya chochote. Ukiruhusiwa, gusa mgongo wa kaunta kwa grinda kidogo tu mahali pasipokata. Hai spidi inatoa cheche chache za rangi nyekundu iliyofifia, lakini chuma cha kaboni kinatoa cheche nyingi nyeupe zinazopasuka kama nyota. Hicho cha kaboni kinalegea joto likipita nyuzi 200 na kitu, wakati hai spidi inavumilia hadi karibu 600, na ndio tofauti ya kaunta ya mashimo kumi na kaunta ya miaka. Ikiisha makali usiinoe kwa nje, unanoa uso wa ndani wa jino tu, ukigusa koni ya nje umeharibu ule mteremko niliokwambia.

Vaa miwani ya kazi na usivae glavu karibu na drili inayozunguka, glavu inavutwa na mkono unafuata. Maganda ya chuma toa kwa brashi. Kipande kikiingia jichoni usisugue na usikubali mtu wa karakana akutoe kwa kijiti cha kiberiti ama ncha ya sindano, nimeona mtu akibaki na kovu jichoni kwa ajili hiyo. Chuma kinaanza kuweka kutu ndani ya jicho haraka sana, nenda siku hiyo hiyo hospitali yenye kliniki ya macho, Kenyatta ama Kikuyu. Na kama kazi yenyewe ni ya kubeba maisha ya watu, kama viti vya matatu, ngazi, kitu cha presha, ama ni stenlesi nene na mashimo mia, chukua vipande uende Industrial Area kwa mtu mwenye mashine ya milingi, na kama unaweza simama uangalie anavyofunga kazi yake kabla ya kukata.

Mwisho ni hayo mashimo 40, usiyatupe. Yaliyo na mawimbi lakini hayajafika milimita 12 yanaokolewa. Usirudishe kaunta ileile ya meno sita, itafuata mawimbi yake yenyewe. Weka ya meno matatu, mafuta, funga chuma vizuri, na kwa drili ya kusimama zima mashine kabisa kwa swichi na uchomoe plagi, uzungushe chaki kwa mkono huku unavuta mpini chini kwa nguvu, mizunguko mitano sita, utaona vilima vinaondoka kimoja kimoja mpaka pete inakuwa safi. Yaliyozama sana ama yaliyotobolewa na biti ya 12, yajaze kwa weldi, rodi ya kawaida ya 6013 inatosha, kila moja liache lipoe lenyewe na usilimwagie maji, maana litakuwa gumu na kukulia kaunta mpya, saga sawa, pigia punchi na uanze upya. Anza na yale ya upande wa chini wa meza, ukifika yale ya juu mkono utakuwa umeshazoea.